Mashine inavuja oili? Tafuta chanzo kabla ya kushika spana

Ukiwa na lethi (mashine ya kukerezea chuma) au milingi (ya kuchongea chuma) nyumbani we tayari unalijua lile doa chini ya mashine, na ile kadibodi uliyotupia juu yake imeshaloa mpaka imekuwa laini. Wengi wakiliona wanakimbilia kununua sili mpya (ile pete ya mpira inayozuia oili kwenye shafti) na tyubu ya silikoni, wanafungua wanapaka wanafunga, wiki haijaisha tone liko palepale. Sili inalaumiwa bure mara nyingi sana. Oili inatoka kwa sababu imejaa kupita kiasi, au kuna hewa inaisukuma kutoka ndani, au njia yake ya kurudi kwenye tangi imeziba, na hapo hata uweke sili mpya kila mwezi itatoka tu. Kwa hiyo hapa chini sehemu kubwa ni ya kutafuta, kufungua kunakuja baadae.

Jambo la usalama kabla hatujaanza: chomoa plagi ukutani kila unapoingiza mkono ndani, kuzima swichi hakutoshi. Na usisafishie petroli, mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo tu ya swichi au mota. Mafuta ya taa na brashi yanatosha, madirisha yakiwa wazi.

1. Hakikisha kweli inavuja

Hii watu wanairuka. Mashine nyingi za zamani zimetengenezwa oili ipite tu na kutoka. Unaweka matone juu kwenye kikombe, inashuka kwa utambi au kwa tundu, inalainisha beringi na gia, inadondoka chini. Hamna tangi, hamna leveli, hamna sili ya kubadilisha. Giaboksi za fidi (zile za kusogeza kisu chenyewe) za lethi nyingi ndogo ziko hivyo, na vichwa vya milingi za Bridgeport pia, beringi za spindo (shafti kuu inayozunguka) zinapata oili kutoka kwenye kikombe na ile oili inatokea chini kwenye spindo. Ukiona Bridgeport imekauka kabisa chini ya spindo hapo ndo uanze kuwa na wasiwasi.

Tafuta kitabu cha mashine yako, hata cha modeli ya jirani yake, uone ni sehemu zipi zina oili ya kukaa na zipi oili inapita. Kwa zile za kupita dawa ni treya chini na kupunguza matone, basi.

2. Angalia leveli, alafu angalia tena

Kwa kawaida oili inatakiwa ifike nusu ya kioo (kile kidirisha cha kuonyesha leveli) mashine ikiwa imesimama na imetulia dakika kadhaa, labda kitabu kiseme vingine. Mtu akiona kioo hakionyeshi kitu anaongeza, anaongeza, kumbe kioo chenyewe kimechafuka kwa ndani na ule mstari anaouona ni doa la miaka mingi iliyopita. Mulika tochi kwa pembeni, fungulia oili kidogo kwa chini kisha urudishe, uone kama mstari unacheza. Usipocheza hiyo si leveli ya oili, ni uchafu.

Oili ikizidi gia zinaipigapiga, inapata povu, inapata joto, na inafika sehemu ambazo haikutakiwa kufika kabisa, kama juu ya shafti za mikono ya gia. Nyingi ya zile "sili zimekufa zote kwa pamoja" zinaishia hapa, unapunguza oili kidogo na stori imekwisha.

Ukiona leveli inapanda yenyewe bila we kuongeza, na oili imekuwa nyeupe nyeupe kama maziwa, ni kulanti (maji ya kupoozea kazi) inaingia ndani. Hapo usihangaike kwanza na inapotokea, hangaika na inapoingilia, sababu beringi na gia zinakula kutu huku we unapiga silikoni nje. Mwaga yote, suuza na oili nyepesi, tafuta kava au plagi ya juu iliyolegea.

3. Osha, kausha, piga poda

Huwezi kutafuta kwenye uchafu. Osha sehemu nzima kwa mafuta ya taa na brashi, futa kwa matambara makavu, malizia na kitambaa chenye spiriti ili chuma kiwe kikavu kabisa. Alafu pulizia poda, ile ya watoto au ya miguu, iwe tabaka jembamba tu. Poda ikiguswa na oili inabadilika rangi hapohapo, na unaona mpaka mstari ulianzia wapi.

Oili inashuka, hiyo tunajua, ila pia inatambaa. Inafuata kiungio cha kava, inazunguka bolti, inapita chini ya rangi iliyoachia, inatokea nusu mita mbali na ilipoanzia. Kwa hiyo usitazame tone linapodondokea, tafuta sehemu ya JUU kabisa iliyolowa. Kioo kidogo cha mkono kinasaidia sana kwa nyuma ambako kichwa hakiingii.

4. Inavuja ikiwa imesimama au ikiwa inazunguka?

Hili swali ndo linaamua kila kitu. Weka karatasi nyeupe chini, acha usiku kucha bila kuwasha. Asubuhi angalia. Kisha weka karatasi nyingine, washa spidi ya chini, baadae ya juu, acha mpaka ipate joto, angalia tena.

Ikivuja ikiwa imesimama, chanzo kiko chini ya leveli ya oili: plagi ya kumwagia, kioo, gasketi ya kava la chini, bolti iliyotoboa mpaka ndani, sili ya shafti iliyo chini, au chuma chenyewe kina tundu. Orodha ni fupi, unapita moja moja.

Ikivuja inapozunguka tu, oili inarushwa au inasukumwa, na hapo kabla ya sili kuna watuhumiwa wawili wa kuwahoji.

Wa kwanza ni pumzio, tundu la kupumulia hewa. Giaboksi ikipata joto hewa ya ndani inapanuka, na isipopata pa kutokea inajitafutia, inatoka kwenye sili pamoja na oili. Pumzio mara nyingi ni kitundu kidogo tu kwenye kifuniko cha kujazia oili, na mtu aliyeipaka mashine rangi upya kakifunika na yeye akaona kazi safi. Jaribio ni rahisi: legeza kifuniko cha kujazia (usikitoe, oili itakurukia), endesha kama kawaida. Kuvuja kukipungua umeshampata. Zibua kwa waya mwembamba.

Wa pili ni tundu la kurudisha oili. Spindo nyingi za lethi hazina sili ya mpira kabisa mbele, zina pete zenye mitaro zinazoirusha oili pembeni, inakusanyika kwenye kava, inarudi kwenye tangi kupitia kitundu kilicho chini ya kava. Kitundu hicho kikizibwa na chenga au tope la oili ya zamani, oili inajaa nyuma ya pete na kumwagika nyuma ya chaki (ile inayoshika kazi mbele ya spindo), inarushwa mpaka ukutani na kwenye shati lako. Fungua kava, safisha kitundu kwa waya na mafuta ya taa. Usipulizie upepo wa kompresa kuelekea beringi, unapeleka chenga zote ndani. Na wakati wa kurudisha kava angalia kitundu kiwe chini kabisa, sababu bolti tatu au nne zilizopangwa sawa zinakubali kava lifungwe upande wowote, na kuna mashine zimevuja miaka kwa sababu tu kava lilifungwa likiwa limegeuzwa.

Kama hayo yote yako sawa na bado inavuja, haya, chukua spana.

5. Kubadilisha sili ya shafti

Sili ina namba zake usoni. Ikiandikwa 35-52-7 maana yake shafti milimita 35, tundu inamokaa 52, upana 7. Namba zikiwa zimefutika pima kwa venia (kipimo cha taya cha milimita), ila pima shafti na tundu, usipime ile sili ya zamani, mpira umeshatanuka. Mashine za zamani za Uingereza na Marekani nyingi ziko kwa inchi kwa hiyo namba zikikataa kuwa za milimita kamili usilazimishe. Mpira wa kawaida wa nitrili unatosha kabisa kwa giaboksi ya karakana, ule wa bei wa kuhimili joto kali hauongezi kitu hapa.

Kuitoa bila kutoa shafti: toboa vitundu viwili vidogo kwenye uso wa sili pande mbili, weka grisi kwenye drili ili chenga zinate, funga skrubu za mabati, vuta kwa koleo taratibu kushoto kulia. Toboa bati la sili tu usiende mbele, beringi iko hapo nyuma.

Sasa kabla hujaweka mpya pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili ulipokuwa unakaa. Ukucha ukikwama, kuna mtaro. Na sili mpya juu ya mtaro wa zamani ni pesa umetupa. Una njia tatu. Kama tundu lina nafasi, kalisha sili mpya milimita moja au mbili ndani zaidi au nje zaidi ili mdomo ukae kwenye chuma kizima. Kama hamna nafasi, kuna maganda membamba ya mviringo ya chuma cha pua ya kuvalisha shafti, kampuni ya SKF wanayaita Speedi-Sleeve, ni membamba kiasi kwamba sili yako ya saizi ileile inaendelea kutumika. Njia ya tatu ni kukereza shafti na kuivalisha bushi, nzuri sana, shida ni kwamba lethi ya kukerezea ndo hiyo umeifungua.

Kama ni mikwaruzo midogo tu, piga msasa laini wenye oili, ila uzungushe mduara kamili, usipige huku ukisogea kwa urefu wa shafti. Alama zikienda kwa kupinda kama hesi ya skrubu zinafanya kazi kama pampu, shafti inapozunguka inachota oili na kuitoa nje.

Kuweka: upande wenye springi unatazama oili. Paka mdomo oili au grisi, sili ikianza kavu inaungua dakika za mwanzo. Kama shafti ina njia ya kii (mtaro wa kufungia gia au puli) au hesi, funika kwa nailoni nyembamba ndo upitishe sili, vinginevyo makali yanachana mdomo na we huoni. Isukume kwa bomba au soketi inayokaribia kipenyo cha nje, gonga kwa nyundo ya mpira ukizunguka pande zote, iingie sawa bila kuinama.

Na shika shafti ujaribu kuinyanyua juu chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na hakuna sili itakayodumu juu ya shafti inayocheza. Hiyo ni kazi nyingine kubwa, ila bora uijue leo.

6. Mikono ya gia

Hii ni sehemu inayovuja sana na ni rahisi kuliko zote, watu tu wanaiogopa. Nyuma ya kila mkono wa gia kuna shafti fupi na mara nyingi ni oringi (pete nyembamba ya mpira) moja tu inazuia. Ikikauka inakuwa bapa na ngumu kama plastiki. Pini inayoshika mkono kama ni ya kuchongoka gonga kutokea upande mwembamba, ukigonga upande mnene unaikaza zaidi. Unapovuta mkono weka kitambaa juu, kuna gololi na springi ndani vinaruka, na vikiruka vinaenda chini ya meza ya mbali kabisa huko.

Oringi mpya pimia mtaro wake, sio oringi ya zamani. Ukiiweka kwenye mtaro inatakiwa ichomoze kidogo juu ya chuma, ikilingana au ikizama haizuii kitu. Paka oili, ingiza kwa kuzungusha, na kama ukingo wa tundu ni mkali uutoe makali kwanza.

7. Makava na gasketi

Hapa kuna mtego mmoja mkubwa. Kava linaloshika beringi si kava la kawaida. Unene wa gasketi yake ndo unaamua beringi inabanwa kiasi gani. Ukitoa karatasi nyembamba ukaweka nene, spindo inapata mchezo, ukiweka silikoni tupu bila karatasi beringi inabanwa inapata moto. Pima gasketi ya zamani kwa maikromita pale ilipobanwa, na uweke unene uleule.

Makava mengine ya kawaida yanavumilia. Karatasi ya gasketi ya nusu milimita, ilaze juu ya kava, gonga taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo kwenye kingo mpaka karatasi ijikate yenyewe, matundu ya bolti hivyohivyo. Hii usifanye juu ya kingo laini ya alumini. Kabla ya kufunga pitisha jiwe la oili juu ya uso wa chuma, hasa kuzunguka matundu ya bolti, bolti zikikazwa sana zinavuta chuma juu kinakuwa na kijilima na kava halikai. Usitumie diski ya msasa kwenye drili kukwangua gasketi ya zamani, ule unga wake ukiingia kwenye beringi ni balaa. Kikwangulio cha bati na subira.

Silikoni sio adui ila inatumiwa kama siagi. Ile inayobanwa nje unaiona na kuifuta, ila ya ndani nayo imebanwa vilevile, inakatika inaelea kwenye oili, inaishia kwenye kile kitundu cha kurudishia tulichokisafisha. Kwa nyuso mbili za chuma zilizochongwa vizuri mi napendelea gundi za aina ya Loctite 518, zinakauka pale tu zikiwa katikati ya chuma bila hewa, ile inayotoka pembeni inabaki majimaji unaifuta au inayeyuka kwenye oili. Ila hiyo haijazi nafasi kubwa, ikizidi robo milimita rudi kwenye karatasi.

8. Bolti, plagi na kioo

Bolti iliyotoboa mpaka kwenye tangi inapitisha oili kwenye hesi zake polepole, unabadilisha gasketi mara mia na bado. Toa, osha hesi na tundu, paka gundi ya hesi, rudisha. Tepu nyeupe ya mabomba inafanya kazi kwenye hesi za kuchongoka, kwenye hesi zilizonyooka anayezuia ni washa. Washa ya shaba ya plagi unaweza kuitumia tena ukiichoma mpaka iwe nyekundu kisha uiache ipoe au uitumbukize majini, vyovyote vile inarudi kuwa laini.

Kioo cha plastiki kikiwa na nyufa ndogondogo, mara nyingi ni kwa sababu mtu alikisafisha na asetoni au dawa ya breki. Badilisha, na kipya kifute kwa maji ya sabuni tu. Hiyo dawa ya breki pia usiitumie karibu na sehemu utakayochomelea, zile zenye klorini zikikutana na moto zinatoa gesi ya sumu kali.

9. Zile sehemu ngumu

Aproni ya lethi, lile boksi la mbele lenye gurudumu la mkono. Shafti ndefu ya fidi inapita katikati yake na mara nyingi haina sili yoyote au ina felti tu (pete ya kitambaa kizito cha sufu). Felti unaweza kubadilisha, iloweke kwenye oili kwanza kabla ya kuiweka, lakini ukweli ni kwamba aproni nyingi zitadondosha kidogo maisha yao yote. Mi nikiona ni matone machache kwa siku naweka treya na kuendelea na kazi.

Chuma chenye vitundu vya kiwandani ni kero, unaona jasho la oili linatoka katikati ya ukuta wa chuma mahali ambapo hamna kiungio. Mwaga oili, pasha joto eneo hilo ili oili iliyonywewa itoke, futa, pasha tena, futa, rudia mpaka kitambaa kitoke kikavu, alafu paka epoksi kwa NDANI. Ukipaka nje oili inaibandua.

Kwenye grainda au mashine nyingine yenye haidroliki usitafute uvujaji kwa kupapasa na mkono, kamwe. Oili yenye presha ikitoka kwenye kitundu kama sindano inaingia chini ya ngozi, na hapo ni hospitali haraka hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Tumia kipande cha kadibodi.

10. Kujaza na kujaribu

Usiongeze uzito wa oili ili kuzuia kuvuja. Kama kitabu kinasema ISO 32 (namba ya uzito wa oili, ikipanda oili ni nzito zaidi) ukaweka 100, labda kuvuja kutapungua kidogo kweli, ila beringi za spindo zitachemka. Na zile dawa za kuzuia kuvuja zinafanya kazi kwa kuvimbisha mpira, kwenye mashine yenye klachi inayozama kwenye oili mi siwezi kuweka.

Jaza mpaka nusu ya kioo, zungusha kwa mkono kwanza, washa spidi ya chini dakika kumi hivi, zima, acha itulie, angalia leveli tena sababu oili imejaza mifereji ya ndani na imeshuka. Piga poda upya kwenye kila ulipogusa. Endesha mpaka ipate joto la kazi, kisha ilaze usiku na karatasi safi chini. Kama uliweka gasketi za karatasi, kesho yake mashine ikiwa imepoa kaza bolti tena kwa kupishana pande, karatasi inakuwa imelala na bolti zimelegea kidogo, ila yale makava ya beringi ukiyakaza tena zungusha spindo kwa mkono uone haijawa nzito.